Herufi za Daktari

Jumatatu, tarehe 3
Siku ya historia. Kazi yangu ni kuandika maneno ya chini ya filamu, yanayosomwa na wasiosikia. Miaka sita naandika herufi nyeupe, zimelala kama maiti. Leo nimezifufua! Mtu akifoka, zinavimba. Akilia, zinatetemeka. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye kimoyomoyo namwita Bi Nyeupe, amesema maandishi ni ya kusomwa, si ya kucheza ngoma. Kijicho hicho.

Jumanne, tarehe 4
Mwongozaji kasema Jumamosi tutawaonyesha watazamaji wachache. Wakipenda, nakuwa mkuu wa maandishi. Wasipopenda, mkuu ni Bi Nyeupe. Nimpigie magoti huyo? Afadhali nife.

Jumatano, tarehe 5
Pigo. Mama mfiwa akipiga ukelele, herufi zinavimba hadi zinamfunika uso, machozi na yote. Bi Nyeupe kauliza kwa upole kama mwigizaji tulimwita aje kuonyesha masikio. Nimezipunguza. Kidogo sana.

Alhamisi, tarehe 6
Kila mhusika apewe herufi za tabia yake! Bibi harusi, za mviringo. Polisi, nene. Daktari mpole, ambaye mwisho kabisa anagundulika ndiye mwizi, nimempa zilizopinda, zenye ncha kama kucha. Nimezitazama hadi chai ikapoa.

Nimemwalika mama mkwe. Huu mwaka wa nne hasikii, na tangu nimwoe bintiye hajanisifu hata kwa bahati mbaya. Mke wangu kaniomba nisimwalike. Hanijui.

Jumamosi, tarehe 8
Dakika ya tatu daktari akatokea, akawapa wafiwa pole. Herufi zikapinda. Mama mkwe, ambaye hajui tena sauti yake ina ukubwa gani, akamwambia mke wangu mwizi ni huyo, twende nyumbani. Ukumbi mzima ulisikia. Muda wote uliobaki watu walikuwa wanakohoa tu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mlangoni mama mkwe akanishika mkono. Akasema miaka minne anasoma maneno, leo ndiyo amesikia watu. Machozi yalinilenga.

Mkuu ni Bi Nyeupe.

Jumatatu, tarehe 10
Mkuu kaamuru herufi nyeupe, zilizonyooka, kwa wote. Nikaitikia kwa adabu. Ila kosa nimeshaligundua: nilimpindishia daktari peke yake. Leo nimewapindishia wote, polisi, bibi harusi, hata kichanga kinacholia. Sasa nani atamjua mwizi? Filamu inatoka kesho. Mkuu hataikagua, kasema ananiamini.