Uvimbe Uliokula Sukari Yangu

Mheshimiwa Daktari,

Salamu na heshima. Mimi ni yule mzee wa kitanda cha dirishani, mwenye uvimbe shingoni, niliyekuja kutundikiwa dripu ya kwanza ya dawa ya saratani na mkoba uliofungwa kama wa safari. Niliwahi kukimbia kwetu bila mkoba, sirudii kosa.

Ulinieleza, mbele ya binti yangu, kwamba seli za saratani yangu ya tezi za kinga zinabugia sukari iliyo karibu na kutema asidi, hata askari wa kinga wanaokuja kupigana wanakuta sahani tupu na hewa kali, wanalegea. Ahsante kwa maelezo. Yamenivurugia nyumba. Nalalamika hivi:

1. Seli hizo zenyewe zilikuwa askari wa kinga. Zimeasi kazi, lakini jikoni zinaingia bado. Nani alisahau kuzinyang'anya vitambulisho?

2. Hazipangi foleni. Mimi ugenini nimepanga foleni ya unga, ya maji, ya blanketi, na ya kuulizia foleni iko wapi. Leo natanguliwa ndani ya shingo yangu mwenyewe!

3. Binti yangu alipokusikia, alificha kopo la sukari. "Baba, humu hatulishi adui." Tangu hapo chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Adui ananenepa, anayekonda ni mwenye shingo.

4. Naomba askari wangu wajengewe jiko lao, upande wa bega la kushoto, mlango ufungwe kwa ndani. Asidi ihamishiwe kisigino cha kulia, sikitumii sana.

5. Usipomwandikia binti yangu amri ya vijiko viwili, yenye muhuri, siji kwa dripu ya pili Jumatatu. Nimeapa, na jirani amesikia.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule anayenidanganya kwamba sindano haiumi. Ukiwaona askari wangu kwenye darubini, waambie wavumilie.

Wako mtiifu, isipokuwa Jumatatu,
Mzee wa dirishani

Nyongeza: Binti yangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Anasema alikuuliza wiki ileile, ukamwambia kijiko cha sukari hakiushibishi uvimbe wala kuninyima hakuuui. Akaona aibu kurudi nyuma, akawa ananitilia vijiko viwili kwa siri, kila siku. Sasa hivi ametia cha tatu mbele ya macho yangu. Nimekunywa. Maji ya kuoshea vikombe. Kumbe ni ulimi wangu uliopoteza ladha, tangu ile dripu. Jumatatu nakuja. Ila usimwambie: nimemwambia hicho cha tatu ndicho kilichokuwa kinakosekana.