Kitu Kilicholetwa na Upepo

Jamani wenzangu wa chuoni, leo nimeaibika mchana kweupe. Nawaandikia mlango nimeufunga.

Mkaguzi alikuwa aje shuleni kwetu, huku Ushetu, kuamua kama nithibitishwe kazini au nirudi kwa baba kuchunga ng'ombe. Nikajipanga. Darasa la kwanza, somo la upepo. Jana nikawaambia watoto, "Kesho kila mtu alete kitu kilichopeperushwa na upepo." (Nilijiona mtaalamu kweli!)

Asubuhi mkaguzi kafika, suti imenyooka, kaketi nyuma.

"Upepo tunauona?"

"Hatuuoniii!"

"Tunajuaje kwamba upo?"

"Kwa kazi yakeee!"

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Masanja akatoa unyoya wa kuku. Mwingine akaleta pamba ya shambani kwao. Moyoni nilishathibitishwa, nimebaki kuagiza soda.

Ndipo akasimama Kabula, binti wa jirani yangu, ana kifurushi.

"Upepo uliileta kwenye mihogo yetu. Mama ameifua, akaipiga na pasi."

Akafungua. Akainyanyua kwa mikono miwili, darasa zima lione.

Bukta yangu ya ndani!

Ile iliyopotea kwenye kamba tangu Jumamosi. Nimeishona mwenyewe kwa mfuko wa unga wa msaada (msijifanye, nguo madukani hakuna, nanyi mnajua mmevaa nini huko mliko). Tatizo la ile mifuko ni maandishi. Nimefua mpaka vidole vimechubuka, hayatoki.

Mkaguzi akasogea. "Hii ni bendera?"

"Yaya!" Kabula akakataa kwa Kisukuma, kisha akakumbuka yuko shule. "Hapana, Bwana Mkaguzi. Ni ya mwalimu. Anavaaga ndani."

"Asante, Kabula, kaa!"

Hakukaa. Akaigeuza upande wa nyuma. Na mimi, kwa ujinga wangu, muhula mzima nimewafundisha kusoma kila neno wanaloliona. Darasa zima, kwa sauti moja:

"SI! YA! KU-U-ZWA!"

Nilitamani upepo unirudie, unibebe na mimi.

Mkaguzi akatoa leso, akajifuta macho, akajifuta tena. "Kijana," akasema, sauti inamkatika, "darasa la kwanza linalosoma namna hii sijaliona. Kazi umepata." Akatoka mbio. Nikamsikia nje anacheka mpaka mwalimu mkuu akampelekea maji.

Jioni nikapita kwa Mama Kabula kushukuru, maana pasi aliipiga vizuri, tusimnyime haki yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu." Akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe huuzwi? Basi sisi tutakuchukua bure."

Kazi ninayo, wenzangu, namshukuru Mungu. Mkinijibu, nisalimieni wote, ila naomba sana asitokee hata mmoja wa kuniuliza bei.