Goti la Osmar na Kuku wa Huayllapata

Kwa Rais wa Klabu ya Defensor Huayllapata,
Don Abelino Tupayupa.

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu. Nakuandikia nimesimama, maana tanuri langu la matofali limeshawashwa na halimngoji mtu. Mimi Zenobia Ccahuana, mwanachama namba 31, niliyeanza na kalibu moja ya mbao na punda wa kuazima na leo nachoma matofali elfu nane kwa wiki, naomba barua hii isomwe kwenye mkutano wa Jumapili, kabla wanachama hawajanyoosha mikono kumwongezea Osmar Lizárraga mkataba wa miaka miwili. Mshahara wa mchezaji huyu mmoja ungetupatia kipa, beki wa kushoto, na ukuta upande wa mtoni ambako kila msimu mipira yetu inakwenda na maji. Tukikosea Jumapili, mwakani tunashuka daraja. Malalamiko yangu ni haya.

1. Msimu huu tumecheza mechi ishirini na mbili, yaani dakika 1,980. Osmar amecheza dakika 143. Nimehesabu mwenyewe, na nimempa hata zile alizolala chini akishika paja. Kwangu mimi, tofali likipasuka tanurini linakwenda kufukia shimo la barabara. Nyinyi la kwenu mmelivalisha jezi namba kumi.

2. Sibishi kwamba mpira unaumiza. Nabishia namna anavyoumia huyu. Machi alichanika msuli akishangilia bao la mwenzake. Mei aliteguka kifundo akishuka kwenye lori ili awapungie watu mkono. Kwenye sikukuu ya Mtakatifu wetu mlimpa heshima ya kubeba machela ya sanamu. Bega likamchomoka kabla hawajafika kona ya duka la mkate. Wazee wanane waliobaki chini ya machela, wenye jumla ya miaka mia tano na themanini, walifika kanisani salama, na mmoja wao alikuwa anavuta sigara.

3. Sasa nije kwenye pollada. Don Abelino, tangu Januari tumechoma kuku mara tano kuchangia goti moja! Desturi yetu unaijua: ukiletewa kadi ya pollada huikatai, maana kesho mgonjwa ni wewe. Kila kadi ni sahani ya kuku na viazi, na mimi nimekwisha kununua sitini na nne. Mume wangu, mtu mpole, juzi alifunua sahani akaniuliza, "Mama, na huyu naye ni goti lile lile?" Majogoo wa mtaani kwetu wameacha kuwika. Wanaogopa kujulikana wanapolala.

Na ile ya tano siwezi kuipita kimya. Kuku mia tatu walikuwa wameshalowekwa kwenye pilipili, kadi zimeuzwa zote, ndipo Osmar akapona. Watu wakaanza: "Alaa! Tumchangie mtu mzima?" Kamati yako ikamsihi aendelee kuchechemea hadi kuku waishe. Akakaa benchi na bendeji, ana afya kama fahali, tukafungwa tatu bila. Jioni yake, kwenye pollada hiyohiyo, akaingia kucheza ngoma ya huayno kwa furaha ya kupona, na goti likateguka. Tena si lile la kushoto tulilolichangia. Ni la kulia, ambalo mpaka siku ile halikuwa na bajeti.

4. Mganga wa mifupa akaitwa. Akampitishia simbilisi mwili mzima, kama ilivyo ada yetu, ili mnyama auvute ugonjwa. Simbilisi akamponyoka mganga mikononi, akapita katikati ya miguu ya mabeki wetu wawili waliokuja kumjulia hali mgonjwa, akaelekea mtoni. Hajaonekana hadi leo. Naiomba kamati ijiulize kwa dhati ni nani kati ya mgonjwa na simbilisi alistahili mkataba.

Kwa hiyo napendekeza Osmar alipwe kama ninavyowalipa vibarua wangu, kwa kazi iliyotoka nzima. Acheze dakika, alipwe dakika. Asipokubali, apandishwe basi la pwani na mto laini chini ya mguu. Asipoweza kupanda basi, asimamishwe golini awe mwamba wa tatu, maana miamba haichaniki misuli. Na hilo likishindikana, tumjengee kibanda kando ya Mtakatifu, watu wamwashie mishumaa.

Najua utaniambia, "Lakini Mama Zenobia, katika dakika hizo 143 kafunga mabao tisa." Ni kweli. Niliyaona yote. La sita lilinifanya nimkumbatie muuza mbolea ambaye tulikuwa hatusemezani mwaka wa saba. Lakini ukuta haujengwi kwa machozi, Don Abelino.

Nisalimie mkeo, dada zake wote watatu, mweka hazina (mwambie namwona), na yule mama anayefua jezi, ambaye namba kumi huikunja bila kuilowesha.

Wako kwa heshima, moshi ukiwa machoni,

Zenobia Ccahuana
Mwanachama namba 31, ada imelipwa

Nyongeza: Natoka kukuletea barua hii, nikamkuta Don Porfirio, rais wa Unión Sillapata, kaegesha gari mbele ya tanuri langu. Kavaa kofia mpya. Akaniambia, "Mama, wewe una akili ya hesabu. Hebu wabembeleze wenzako watuachie yule kiwete." Nikamuuliza, "Kiwete nani?" Akacheka: "Si huyo Osmar wenu? Tutamtibu sisi, nyinyi hamna uwezo."

Hatuna uwezo! Don Abelino, kumtukana Osmar ni haki ya waliomuuguza. Huyu hajanunua hata kadi moja. Nimemfukuza kwa koleo la udongo, kofia imebaki huku. Jumapili mkono wangu utakuwa juu: miaka miwili, na mkitaka mitatu nitanyoosha mikono yote miwili. Barua hii tafadhali usiwasomee wanachama. Msomee Don Porfirio, polepole na kwa sauti, mpaka aghairi.