Malalamiko Dhidi ya Tairi Lisilojazwa Upepo

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote mnaosaidiana kulitoa gazeti. Mimi ni fundi wa pancha hapa jirani na kituo cha mafuta, mwaka wa kumi na tisa sasa. Gazeti lako la Jumatatu hunifikia Alhamisi, likiwa limefungia robo kilo ya misumari ninayonunua dukani. Safari hii, kabla sijaimimina misumari, nikasoma kwamba wataalamu wamebuni tairi la gari lisilojazwa upepo. Ndani lina mbavu za mpira mgumu, na likikanyaga msumari linaendelea na safari kama vile halikusemeshwa. Mmeiandika habari hiyo kwa furaha. Hamkuuliza mtu.

Sitazungumzia riziki yangu. Visu navyo ninanoa. Nalalamika kwa niaba ya umma.

1. Mtu mzima akichelewa, atasema nini? Foleni haiaminiki tena. Msiba nao umechakaa: karani mmoja wa hapa mtaani ameshazika bibi watano, na bosi wake amewahesabu. Imebaki pancha tu. Pancha haina mkosaji. Mimi mwenyewe mwezi uliopita sikufika kwenye kikao cha ukweni cha kuamua mama mkwe ahamie kwa nani, maana mkokoteni ninaobebea pampu ulipata pancha njiani. Shemeji mkubwa akanipigia simu: "Pole shemeji, pancha haina adabu." Kikao kikasogezwa hadi Jumamosi hii. Bila pancha, Ndugu Mhariri, mama mkwe angekuwa sebuleni kwangu sasa hivi, yeye na redio yake.

2. Kina mama hunijia. "Fundi, niambie ukweli, baba watoto Ijumaa alikuwa na pancha?" Nami natoa mpira wa ndani, nauchovya kwenye beseni la maji mbele ya macho yake. Mapovu yakitoka, ndoa imesimama. Nina mpira mmoja wenye tundu, unaning'inia nyuma ya mlango. Umeshakuwa pancha ya wanaume kumi na wanne, na wote bado wanalala kwao. Tairi la mbavu utalichovya wapi?

3. Benchi langu. Meneja wa benki na mbeba zege hukaa hapo bega kwa bega wakisubiri gundi ishike, na hulazimika kuongea. Kwingine wanakokutana ni makaburini tu, na huko hawaongei.

4. Kuna watu wanauliza misumari inayookotwa hatua hamsini kabla ya kufika kwangu inatoka wapi. Hiyo siyo mada ya leo.

Kwa hayo, naomba wahusika watunge sheria: kila gari lenye tairi hilo lipewe pancha moja ya lazima kwa mwezi, yenye mhuri, mwenye gari achague siku mwenyewe. Waliooa wapewe mbili. Wakubwa wasipewe, wao huchelewa bila sababu na hakuna anayewauliza.

Nisalimie wapiga chapa, mlinzi wa getini kwenu, na yeyote ambaye gari lake bado linapumua.

Ni mimi, nichovyaye bila kuchoka,

Fundi Beseni

Tanbihi: Msije mkadhani nachukia maendeleo. Hao wataalamu wenu wamechelewa. Magurudumu ya mkokoteni wangu niliyachonga kwa mkono wangu kutoka tairi kuukuu la trekta. Ni mpira mtupu, hayana upepo hata wa kuzimia mshumaa. Huu mwaka wa tisa, hayajapata pancha hata siku moja. Wakitaka kujifunza, waje.

Tanbihi ya pili: Mke wangu ndiye huzipitia barua zangu kutafuta makosa kabla sijazipeleka. Amelipata moja. Hakugomba. Ameweka kidole kwenye tanbihi, akakipandisha polepole hadi namba moja, kisha akasema, "Jumamosi tutakwenda na mkokoteni, baba. Mama atarudi nao." Nimeyakagua magurudumu yote mawili, Ndugu Mhariri. Ni mazima kabisa.