Fagio za Kwenda Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi
Leo karakana ya fagio imekufa, imezaliwa kampuni ya kimataifa. Mwenye duka mmoja wa ng'ambo ameandika barua pepe: anataka fagio mia tatu. Wakala wake atapita Jumatatu ijayo kukagua. Nimemsomea mke wangu mara mbili. Akauliza kama nimeisoma hadi mwisho. Swali la mtu asiye na maono. Nimeongeza neno "Kimataifa" kwenye kibao cha mlangoni. Nafasi haikutosha. Kwa sasa sisi ni "Kimatai".

Jumanne, 4 Machi
Nimeisoma hadi mwisho. Mteja anataka mpini wa sentimita kumi na tano. Maskini, amesahau sifuri. Mpini wa hivyo utafagia nini, meno? Mke wangu akashauri tumuulize. Nimekataa. Mteja haumbuliwi siku ya kwanza. Nimemsahihishia kimyakimya: mia moja na hamsini.

Jumatano, 5 Machi
Nimewaarifu wateja wa hapa kwamba hatutawahudumia tena. Msimamizi wa zahanati alikuja mwenyewe kuuliza sasa atafagia na nini. Nikamjibu kwa upole kwamba hayo ni masuala ya ndani. Akavuka barabara, akaingia kwa shemeji, mdogo wa mke wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Shemeji akatoka mlangoni kunipungia mkono. Wivu mtupu.

Alhamisi, 6 Machi
Mbao za mipini zimekwisha. Nimebomoa kitanda cha wageni. Mama mkwe hajatutembelea tangu mwaka jana, na biashara ya dunia haiwezi kumsubiri mgeni asiye na tarehe. Mke wangu ameokota vipande vilivyobaki, akavipeleka chumba cha nyuma. Nadhani ameelewa.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Mkubwa, anayetufungia fagio miaka thelathini sasa, ana malengelenge vidole vyote. Nimemweleza kwamba siku hizi yeye ni rasilimali watu. Akasema rasilimali inakwenda kukaa. Yuko chumba cha nyuma na mke wangu, wanafunga vifagio vidogo kwa vipande vya mbao vilivyobaki. Nimewaacha wacheze. Fagio zilizobaki nafunga mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Wakala amefika. Mama mfupi, mpole, ana rula mkobani. Nikampeleka kwenye fagio mia tatu zilizosimama ukutani kama gwaride. Akazitazama, kisha akauliza ni za nani. Nikamweleza kosa la bosi wake na jinsi nilivyomsitiri.

"Bosi anauza vyombo vya mezani," akasema. "Fagio ni za kuondolea makombo. Alipoandika kumi na tano, baba, alimaanisha kumi na tano."

Akaomba maji ya kunywa. Mke wangu akamkaribisha chumba cha nyuma. Huko kulikuwa na vifagio ishirini. Rula ikatoka. Kumi na tano, vyote. Mkataba umesainiwa palepale juu ya cherehani, kwa jina la mke wangu. Mimi nilishika taa ya mkononi, maana kule nyuma kuna giza. Mchana sikula. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na njaa tu, na nilipenda kukaa peke yangu kidogo na fagio zangu.

Jumanne, 11 Machi
Nimekwenda zahanati kutangaza kwamba tumerudi. Msimamizi amesema wameshazoea kwa shemeji. Shuleni vilevile. Ikabidi nivuke barabara. Shemeji amekubali kuzichukua zote mia tatu, awauzie waliokuwa wateja wangu. Akasifu mipini, hasa ile yenye nakshi za maua. Akauliza mbao kama zile napata wapi. Nikamwambia ni siri ya kampuni.

Jumatano, 12 Machi
Mke wangu amenitaka niahidi kwamba sitajibu barua yoyote bila yeye kuisoma. Nimeahidi bila kusita, kwa kuwa ya leo nilishaijibu asubuhi. Mwenye duka wa nchi nyingine anauliza kama tunatengeneza brashi za kupakia rangi. Hatutengenezi. Nimemwambia tunatengeneza tangu enzi za babu. Anataka mia tano kwa kuanzia. Mipini si tatizo, bado tuna kabati. Kinachokosekana ni manyoya tu. Mbwa wa shemeji amenona, na ana manyoya marefu. Kesho nitakwenda kumsalimia na mkasi.