Kahawa Niliyoitafuna Maabara

Jamani, leo nimeaibika mpaka suti yangu imeona aibu. Naandika hapa bado nina ladha ya sabuni mdomoni.

Mnanijua. (Usiyenijua, uliza Mbinga mjini ni mashine ya nani ya kukoboa kahawa inayosikika mpaka kanisani.) Nilianza na jembe la kuazima. Leo nina pikapu, nina nyumba ya vigae, na nina binti chuo kikuu, Skolastika, anasoma kemia kwenye lile tawi lililofunguliwa huku kwetu.

Jana jioni Skola kanipigia. "Baba, naomba nusu kilo ya kahawa iliyokobolewa, isiyokaangwa. Tunafanya jaribio la kutoa kafeini. Mpe tu bodaboda ailete."

Bodaboda! Kahawa yangu inaingia chuo kikuu halafu isindikizwe na bodaboda? Nikavaa suti. Nikapakia debe zima.

Saa nne asubuhi nimefika. Nje ya maabara namkuta Skola kashika karatasi, uso umemshuka.

"Nani kakuudhi? Nionyeshe."

"Hakuna, baba. Ni hii fomu ya tathmini ya hatari. Kabla ya jaribio lazima tuandike kila kitu kinachoweza kudhuru watu, na tutazuiaje. Dokta kaikataa mara mbili. Asiposaini kabla ya saa sita, kundi letu halifanyi jaribio, na somo hili tunarudia mwakani."

Mwakani! Nikaona mwaka mzima wa mwanangu unaning'inia kwenye karatasi moja.

"Lete nikaongee naye," nikasema. (Hapo ndipo mtu mwenye akili angerudi kwenye pikapu yake.)

Nilitegemea Dokta ni mzee mwenye mvi. Nikakuta binti wa kutoka Liuli, kule ziwani, umri wa mdogo wangu wa mwisho, koti jeupe, miwani ya kinga kichwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe mtu wa ziwani! Umepanda huku milimani kufuata chakula?"

"Nimefuata kahawa, baba. Samaki wa usipa tunao wa kutosha."

Wanafunzi wakacheka. Nikajiona nimeshapendwa. Nikaweka debe mezani, nikakohoa.

"Dokta, huyu binti usimsumbue na mahatari. Hii ni kahawa, siyo baruti. Mimi dawa ya kahawa, ule mrututu wa bluu, nachanganya kwa mkono mtupu tangu ujana. Niangalie. Nimekufa?"

Dokta akaniangalia. Akaangalia mikono yangu. Hakusema nimekufa, ila hakusema sijafa.

"Baba, naomba usubiri pale mlangoni, nje ya mstari mwekundu. Skolastika, njoo. Hapa pameandikwa, 'Nani anaweza kudhurika?' Umejaza 'mwanafunzi'. Mara ya tatu sasa. Ni mwanafunzi tu?"

"Ndiyo, Dokta. Sisi ndio tunaofanya jaribio."

"Fikiri tena."

Wakainamia karatasi. Mimi mstari mwekundu niliuona, lakini mstari ni wa watoto. Nikatembea kidogo, mikono nyuma, kama mkaguzi. Meza ya pili, ya kundi jingine, nikaona kibakuli kina kahawa. Punje nzima nzima, zimepakwa unga mweupe. Nikasikitika. Hawa watoto nani kawauzia kahawa chafu hivi? Pembeni pana kikaratasi kimeandikwa. Mimi nikiona kahawa, karatasi sisomi.

Sasa wenzangu wa Mbinga mtanielewa. Ukiona kahawa kwenye chombo, unafanyaje? Unauliza? Unachukua punje mbili tatu, unaziweka kwenye magego, unauma. Ikikataa jino, imekauka. Ikiingia jino, bado, irudi juani. Baba yangu aliuma. Mimi nauma mpaka kahawa za watu nisiowajua. Mkono ulikwenda wenyewe!

Kra.

Kwanza nikasikia sabuni. Halafu moto kwenye ulimi. Halafu povu!

"BABA!" Hiyo ilikuwa Skola.

"Asimeze!" Hiyo ilikuwa Dokta.

"Keshatafuna," alisema kijana mmoja mwenye glavu, kwa upole kabisa, kama anayesoma tangazo la msiba.

Nikashika meza. Nikasema kwa sauti ambayo mashine yangu haijawahi kuifikia: "Skola mwanangu! Nakufa! Mashine uendeshe wewe! Na nikuombe radhi, mimi sikumaliza la saba. Niliishia la nne! Cheti kile cha ukutani ni cha ubatizo!"

Maabara nzima ikanigeukia. (Wanafunzi ishirini na kitu. Wengine baba zao nawakobolea kahawa.)

Dokta kanishika bega. "Baba, tema. Sukutua. Hufi. Ni magadi tu, ndugu wa yale mnayolainishia maharage, ila haya ni makali."

Magadi! Nimetoa siri ya miaka thelathini kwa sababu ya magadi!

Wakaniinamisha kwenye sinki, suti na tai, maji yanapita mdomoni. Yule kijana wa glavu kashika saa. "Bado dakika nane, mzee." Kila nikitaka kuinuka: "Bado saba, mzee." Pembeni Skola ananishikilia tai isilowe, bega lake linatetemeka. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Halafu akaniinamia sikioni. "Baba, la nne najua tangu zamani. Fomu yangu ya shule ya sekondari mama ndiye aliyejaza."

Nilipokauka kidogo, Dokta akasema, "Na mimi nimekosea, kumwacha mgeni aingie bila miwani wala maelezo. Skolastika, lete fomu. Nani anaweza kudhurika?"

Skola akanitazama. Akaandika, akasoma kwa sauti: "Mgeni. Hatari: kuonja sampuli kwa mazoea ya kazi yake. Uwezekano: mkubwa sana. Hatua: vyombo vifunikwe, na mgeni asivuke mstari mwekundu hata akiwa na suti."

Saa sita kasoro dakika tano. Dokta akasaini.

Jaribio nimelitazama dirishani, nimevalishwa miwani ya kinga. (Ya kutazama dirishani! Skola ndiye aliyelazimisha.) Mwishowe akaniinulia kichupa kwenye kioo. Ndani unga mweupe kidogo sana, ndiyo kafeini yenyewe, unameta kama umande. Umetoka kwenye kahawa niliyoilima, nikaiuma, nikaiuza miaka yote bila kujua ndani yake kuna nini. Macho yakanilowa. Magadi yale ni makali kweli.

Nikaomba nakala ya ile fomu. Sasa iko kwenye mlango wa stoo ya mrututu, na glavu nimenunua jozi mbili. Skola kesho anakuja kunijazia ya kwangu. Cheti cha ubatizo kinabaki ukutani.

Kwa hiyo tuelewane. Atakayecheka na acheke, ila kahawa yangu imepimwa chuo kikuu, na mimi nimeandikwa kwenye karatasi iliyosainiwa na Dokta. Nyie mmeandikwa wapi?