Nilivyotaka Kumpokonya Shangazi Kisu cha Ndafu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima, mchana kweupe, tena kwenye kipaza sauti. Nawasimulia mwenyewe kabla video haijawafikia.

Mwezi uliopita, kule kwetu Mbeya, kijana mmoja alinitolea kisu, akachukua simu yangu, akaniaga kwa adabu. Kisu chenyewe kilikuwa cha kumenyea viazi. Vumilia, mchumba wangu, alinipa pole. Baba yake hakunipa. Mzee ni mwalimu mstaafu, anakaa Kihesa pale Iringa, maneno yake huyatoa kwa kipimo. Aliposikia habari ile aliuliza swali moja tu.

"Ulimpa na chaja?"

Hapo ndipo nikaamua kuwa mwanamume. Nikajiandikisha mafunzo ya kujihami dhidi ya mtu mwenye kisu, yanaanza Jumamosi ijayo. Mtu mwenye akili angeingoja hiyo Jumamosi. Mimi nikaanza na video. Wiki mbili nimejifungia chumbani na mwiko nilioufunga kamba mlangoni: kwepa, kamata kifundo cha mkono, zungusha. Mwiko ule niliushinda kila siku (haukuwahi kujitetea).

Sasa leo. Mdogo wake Vumilia amepata kipaimara, na Mzee alinialika kwa kinywa chake. Barua yangu ya posa ilikuwa imekaa kwake miezi mitatu bila jibu, kwa hiyo nilijua kabisa kwamba leo ukoo wote unanipima. Asubuhi Vumilia akaniusia nitulie, nisiongee sana, nisile sana. Hakuna aliyefikiria kunikataza kupigana.

Nilianza vizuri, msinicheke. Suti nimepiga pasi. Wazee nikawaamkia kwa Kihehe, "Kamwene", kwa lafudhi yangu ya Kinyakyusa, wakafurahi. Nikaletewa ulanzi, ile pombe ya mianzi, nikakataa. Nikaeleza, kwa sauti ya kumfikia Mzee, kwamba niko kwenye mazoezi ya kupambana na visu na kileo hupunguza wepesi (mazoezi yenyewe hayajaanza). Mzee akanitazama, akanywa wa kwake. Najuta. Ningekunywa, sasa hivi ningekuwa na kisingizio.

Nikaketishwa meza kuu, pembeni ya mchungaji. Ndugu zangu, meza kuu! MC akataka tujitambulishe, kipaza sauti kikapita mkono kwa mkono mpaka kikaishia mbele yangu. Hakuna aliyekumbuka kukizima.

Kisha akaletwa ndafu. Mbuzi mzima wa kuchoma, kasimamishwa mezani kwa miguu yote minne, majani mdomoni, ametulia kuliko mimi. Na utaratibu mnaujua: mtu wa familia anaingia akicheza na kisu kilichofungwa utepe, anazunguka wageni, mwisho anamkabidhi yule ambaye familia imemchagua amkate ndafu. Ni heshima kubwa. Nimeiona kwenye kila harusi niliyowahi kula. Naijua. Nasema tena, naijua.

Aliyeingia na kisu leo ni Shangazi, dada mkubwa wa Mzee, ambaye bila neno lake hakuna posa inayopita nyumba ile. Shangazi ameuza nyanya pale Ilula tangu Vumilia hajazaliwa, na matenga hupakia mwenyewe kwenye magari. Akaingia kwa madaha, akapita nyuma ya viti vyetu. Mimi macho yangu yalikuwa kwa ndafu. Nikasikia vigelegele karibu na sikio, nikageuka, nikakutana na kisu usawa wa pua.

Mwili haukuniuliza.

"Tupa kisu!" nikafoka, na spika zote mbili zikafoka pamoja nami. Nikakwepa. Nikakamata kifundo cha mkono. Nikazungusha.

Kifundo hakikuzunguka.

Nikaongeza nguvu. Nikaweka na mkono wa pili. Shangazi akadhani nacheza, akafurahi kuona kijana wa Mbeya aliyechangamka hivi, akanizungusha yeye. Mzunguko wa kwanza niliufuata kwa miguu. Wa pili miguu haikuhusika. Nikatua kifudifudi juu ya meza kuu, tai imezama kwenye bakuli la kachumbari, uso kwa uso na ndafu. Majani yake nusu yakahamia mdomoni mwangu.

Muziki ukazimwa. Mchungaji akashika soda yake isimwagike. Shangazi alikuwa bado na kisu mkononi, hata utepe haujalegea. Akaniinamia, na kwa upole kabisa, karibu na kile kile kipaza sauti, akasema:

"Pole, baba. Kisu nilikuwa nakupa wewe."

Nilikuwa napokonya kitu nilichokuwa napewa! Hilo ndilo lilikuwa jibu la barua yangu. Miezi mitatu nalisubiri, linaletwa kwa vigelegele na utepe mwekundu, mimi naamuru litupwe chini. Niliona aibu, ndugu zangu, aibu ya kutamani kurudi Mbeya kwa miguu. Nikamtafuta Vumilia. Alikuwa ameficha uso kwenye kitenge, mabega yanatikisika. Nikaumia sana kumliza mtoto wa watu. Alipoinua kichwa nikagundua kwamba alikuwa anacheka mpaka hawezi kupumua.

Wazee wakajikusanya nyuma ya nyumba kunijadili. Mimi nikabaki mezani na ndafu (tulishazoeana). Kila mtoto aliyepita alisema "tupa kisu" kisha akakimbia. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: posa imekufa, mchumba sina, na suti ni ya kuazima.

Baada ya muda mrefu Mzee akaja, akavuta kiti, akakaa. Akanieleza kwamba yeye alikuwa tayari kunirudishia barua yangu leo leo. Aliyenitetea ni Shangazi. Kasema kijana moyo anao, kilichopungua ni nguvu, na nguvu binti yao anazo za kuwatosha wawili. Kwa hiyo posa imekubaliwa, ila kwa masharti mawili. La kwanza, Jumamosi nisikanyage kwenye hayo mafunzo.

"Hujafundishwa, umemvamia dada yangu," akasema. "Wakishakufundisha utamvamia nani?"

Sharti la pili ni faini. Mwezi ujao nitarudi Kihesa na blanketi la Shangazi na ndafu wa kumwomba radhi, ukoo wote ukiwepo. Safari hii kisu nitaingia nacho mimi, nikicheza, mpaka pale alipoketi yeye, nimkabidhi. Mzee alipokuwa ananieleza hayo nilimwona Shangazi kule mlangoni anatusikiliza, anakunja mikono ya gauni taratibu.

Basi, mwenye kujua yanakotolewa mafunzo ya kumlinda aliyeshika kisu dhidi ya mama asiye na kitu mkononi, anielekeze inboksi. Wengine mkicheka, chekeni bila kuandika chochote hapa chini, maana mama yangu yumo humu, na nimeshamwambia kwamba posa imepita kwa sababu ya utulivu wangu.